Ukuta Unaokataa Misumari



Juma hili ninaacha pembeni madaftari na mitihani, kwa sababu posho iliyopita, baada ya kuhesabu pesa za likelemba, mama mmoja wa kikundi chetu aliniuliza swali ambalo wengine wanne walikuwa nalo vilevile. Zamu ya kupokea ilikuwa yake. Anakaa katika nyumba ya bloku za sima, na chumba cha watoto kina ukuta mmoja wenye baridi na madoa meusi kutoka chini hadi kwenye kitanda. Mtoto wake wa mwisho anakohoa kila usiku. Akaamua kufunga lati, yaani zile mbao nyembamba, kisha juu ya lati apige tripleksi, ili watoto walale karibu na mbao na siyo karibu na sima. Fundi aliyemwita alikuja na nyundo na misumari ya kawaida ya 8. Misumari kumi na zaidi ikapinda, krepi ikabomoka vipande vipande, na fundi akaomba pesa nyingine ya kurudi siku ingine. Mama akaniambia: "Madamu, ukuta inakataa misumari. Nifanye namna gani?"

Nimekulia katika karakana ya baba yangu aliyekuwa fundi mbao, kwa hiyo swali halikunishangaza. Nitalijibu. Kisha nitamwambia na jambo ambalo hakuuliza, maana kwangu mimi hilo ndilo zito zaidi.

Kwanza ujue ukuta wako ni wa nini. Hapa Kamina na Sanga tuna kuta za namna nyingi, na kila moja ina tabia yake. Reli ilipofika, na njia ya kutoka Bukama hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ikafunguliwa mwaka 1928, sima ilianza kusafiri kwa gari-moshi. Lubudi, kwenye njia hiyohiyo ya reli, kulikuwa na kiwanda cha sima. Ndiyo maana nyumba nyingi za zamani za reli na za kambi zina beto ngumu sana mahali pa nguzo na juu ya milango. Nyumba za sasa nyingi ni za bloku tunazofyatua wenyewe uwanjani, na ubora wake unategemea mtu aliyechanganya: kuna bloku zenye sima, na kuna bloku zenye mchanga uliosikia tu habari za sima. Halafu matofali ya kuchoma ya udongo wa kichuguu, na matofali mabichi ya udongo.

Piga ukuta kwa nyundo ndogo, polepole, ukisikiliza. Ukilia kwa sauti kavu na nyundo ikaruka nyuma, ni beto au bloku nzuri. Ukilia kama debe tupu, krepi imeachana na ukuta, au ndani ya bloku kuna tundu. Ukilia bufu-bufu na vumbi likashuka, ni udongo au bloku dhaifu. Chukua na msumari mmoja, ukwaruze mahali pasipoonekana: mchanga ukimwagika kama unga wa mahindi, usitumaini msumari wa aina yoyote.

Sasa, kwa nini msumari wa kawaida unapinda? Ni chuma laini, kimetengenezwa kwa ajili ya mbao, ambazo nyuzi zake zinasogea na kuubana. Beto haina nyuzi. Haisogei, inavunjika. Msumari unaweza kupita krepi, kukutana na jiwe dogo ndani ya bloku, na hapo ama unapinda ama unapasua. Kuna misumari mifupi minene ya chuma kigumu, inaitwa misumari ya beto. Hiyo inaingia, lakini haipindi: ukiipiga vibaya inakatika na kuruka kama risasi. Anayeipiga avae miwani, na watoto wakae nje. Hata ikiingia vizuri, mimi siipendi kwenye bloku zenye tundu, kwa sababu uso wa bloku una unene wa sentimeta tatu au nne tu, na pigo la nyundo linaupasua kwa ndani bila wewe kuona. Lati inashika leo, juma lijalo inacheza.

Njia nzuri ni kutoboa tundu kwanza, kutia sheviyi, halafu kukaza vizi. Ile sheviyi ya plastiki tunayonunua sokoni bila kuifikiria ina historia yake. Karibu mwaka 1910 Mwingereza mmoja, John Joseph Rawlings, alipewa kazi ya kufunga vifaa vya umeme katika jumba la makumbusho la British Museum bila kuharibu kuta. Mafundi wa wakati ule walichimba shimo kubwa, wakatia kipande cha mbao, wakaziba. Yeye akatengeneza kibomba kidogo cha nyuzi za juti zilizogandishwa kwa gundi na damu ya wanyama, kikapanuka vizi ilipoingia. Mwaka 1958 Mjerumani Artur Fischer akatengeneza ya nailoni, na hiyo ndiyo mama wa hizi zetu. Kazi yake ni moja: vizi inapoingia, sheviyi inapanuka na kubana pande zote za tundu. Tundu likiwa pana kuliko sheviyi, hakuna cha kubana. Tundu likiwa na vumbi ndani, sheviyi inabana vumbi. Kwa hiyo sheviyi ya 8 inataka tundu la milimeta 8, refu kuliko sheviyi kwa sentimeta moja hivi, na lazima upulize vumbi litoke. Tumia kipande cha mrija, ufumbe macho.

Najua mnachosema: "Madamu, peresezi tutaitoa wapi, na umeme uko wapi?" Kwa mwenye jenereta au batri, vizuri. Kwa wengine, baba yangu alikuwa na njia ya zamani, ile ile iliyokuwapo kabla ya Rawlings, na mpaka leo haijashindwa. Unachukua kipande cha fero-beto ya 10, urefu wa kiganja na nusu, unanoa ncha iwe bapa kama patasi. Unaisimamisha ukutani sawasawa, unaipiga kwa nyundo pigo moja, unaizungusha kidogo, pigo lingine, unaizungusha tena. Usipoizungusha itakwama. Ncha itachoka upesi, kwa hiyo uwe na tatu na jiwe la kunolea karibu. Tundu litatoka na upana wa milimeta kumi au kumi na mbili, si duara kamili, na kwa sheviyi ya plastiki halifai. Hapo unatia kigingi cha mti.

Kigingi kichongwe kutoka mti mgumu uliokauka kabisa. Mubanga ni mzuri sana, mulombwa pia, na kwa seremala vipande vya kutupwa havikosekani. Mwombe kwa adabu tu. Usitumie kalitusi mbichi. Kigingi kibichi kinaingia kwa raha, kisha kinakauka, kinasinyaa, na baada ya miezi miwili unakivuta kwa vidole. Kichonge kiwe na pembe nane, siyo duara, kinene kidogo kuliko tundu na chembamba kidogo mbele, ukigongomee mpaka ndani, halafu ukate kinachobaki nje sawa na ukuta. Pembe zake zitauma ukuta. Kabla ya kutia vizi, toboa kitundu chembamba katikati ya kigingi kwa msumari mwembamba, la sivyo kitapasuka.

Na kama bloku ni dhaifu, tundu limepanuka, kila kitu kinazunguka tu? Safisha tundu, lilowanishe maji kidogo, jaza sima nzito isiyo na mchanga, sukuma kigingi ndani, na uache siku nne au tano bila kukigusa. Kwa ukuta wa matofali mabichi hata hilo siyo dawa. Hapo usifunge lati ukutani hata kidogo. Tengeneza fremu inayosimama yenyewe juu ya matofali mawili matatu ya kuchoma, na uifunge juu kwenye miti ya paa. Ukuta wa udongo usibebeshwe mzigo wa ubavuni.

Sasa hesabu, maana mwalimu haachi hesabu. Nawaombeni mwaite mtoto wa mwaka wa tano, aje na kalamu. Tripleksi moja ina upana wa sentimeta 122 na urefu wa 244. Ukuta wa yule mama una mita tatu na sentimeta 66, yaani tripleksi tatu bila kukata. Tripleksi ya milimeta 4 ni nyembamba, ikiachwa wazi sana inajikunja kama kitumbua, kwa hiyo lati zisimame kila sentimeta 40 na nukta 7, ndiyo theluthi ya 122. Nafasi ni tisa, lakini lati ni kumi. Hapo watoto wengi wanakosea, na mafundi pia: nafasi tisa zina mipaka kumi. Kila lati ina urefu wa 244. Ukianza sentimeta kumi kutoka kila mwisho, na kugawa kilichobaki mara nne, unapata vizi kila sentimeta 56, vizi tano kwa lati moja. Lati kumi ni vizi hamsini na matundu hamsini. Ukijua hesabu hiyo, muuza vizi hatakuuzia mia.

Lati yenyewe iwe na upana wa sentimeta tano, kwa sababu mahali tripleksi mbili zinapokutana, kila moja inahitaji nusu ya lati ya kushikilia. Unene sentimeta mbili na nusu unatosha. Urefu wa vizi hupatikana kwa kujumlisha: lati 2.5, krepi 1.5, ndani ya bloku yenyewe 4. Jumla 8. Krepi haihesabiwi kama ukuta. Fundi anayeleta vizi ya 5 kwa kazi hii anafunga lati yako kwenye krepi, na krepi ni nguo tu, siyo mwili.

Mbao zimpite mchwa. Sisi ambao tunachoma matofali ya udongo wa vichuguu hatuhitaji kuambiwa mchwa anakaa wapi. Lati isiguse sakafu: ianze sentimeta kumi juu. Wengi wanapaka mafuta ya vidanji ya magari nyuma ya mbao. Kwa paa la banda la mbuzi, sawa. Kwa chumba ambamo mtoto analala na kuvuta pumzi usiku kucha, mimi nasema hapana. Tafuta mbao nzuri zaidi, au kata vipande vya plastiki nzito uviweke kati ya lati na ukuta.

Kufunga lati zisimame wima: anza na ya kwanza na ya mwisho. Zipime kwa timazi. Ukikosa, jiwe kwenye uzi ni timazi. Kisha vuta uzi kutoka lati ya kwanza hadi ya mwisho, juu na chini, na zile za katikati zifuate uzi, zisifuate ukuta. Hakuna ukuta ulionyooka hapa kwetu. Mahali ukuta umeingia ndani, weka kabari nyembamba nyuma ya lati palepale vizi inapopita, la sivyo ukikaza, lati inapinda kuufuata ukuta na tripleksi itakuwa na mawimbi. Kama nyumba ina waya za umeme ndani ya ukuta, usitoboe juu wala chini ya swichi na prizi. Na katika zile nyumba za zamani zenye karatasi za eterniti, msizitoboe wala kuzikata. Vumbi lake ni baya kwa mapafu.

Swali lingine lililoulizwa: je, juu ya lati hizo naweza kufunga etajeri ya kuwekea unga? Tripleksi moja ya milimeta 4 ina uzito wa kilo saba hivi, kwa hiyo lati haibebi kitu. Mfuko wa kilo 25 ni habari nyingine, nao unavuta vizi kwenda nje siyo kwenda chini. Etajeri ya mizigo isimame kwa miguu yake, ukuta uizuie tu isianguke mbele. Waswahili wa Lamu katika nyumba zao za mawe hawakujisumbua kutundika: waliacha vidaka ndani ya ukuta wenyewe, wakaweka humo vyombo vyao. Anayejenga nyumba mpya afikirie hilo kabla sima haijakauka.

Hayo ni majibu ya swali. Sasa lile ambalo mama hakuuliza.

Madoa meusi siyo uchafu, ni ukungu, na ukungu unaishi kwa maji. Ukifunika ukuta wenye maji kwa tripleksi, umejenga nyumba ya ukungu: giza, unyevu, na mbao za kula. Hutauona tena, lakini mtoto ataendelea kuuvuta kwa pumzi. Baada ya mvua mbili tripleksi itavimba chini, gundi itaachia, na pesa ya zamu yako ya likelemba itakuwa kuni. Kikohozi cha usiku cha miezi mingi kinataka muuguzi kwanza, siyo fundi, na hilo nilimwambia palepale.

Kwa ukuta, fanya hivi. Chukua kipande cha plastiki safi, ukubwa wa daftari lililofunguliwa, ukibandike mahali penye doa kwa skochi pande zote nne, hewa isipite. Uache siku mbili. Ukikuta matone nyuma ya plastiki, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukikuta matone mbele, upande wa chumba, maji ni ya pumzi zenu na ya nguo zinazoanikwa ndani, na dawa yake ni dirisha. Lakini ukifanya jaribio hili mwezi wa saba ukuta unaweza kukudanganya, maana wakati wa kiangazi kila ukuta unajifanya mkavu. Hapo utazame alama: unga mweupe kama chumvi kwenye krepi, na mstari wa doa wenye urefu uleule kutoka chini. Hiyo ni saini ya maji yanayopanda kutoka udongoni.

Nilikwenda kutazama ukuta wa yule mama kwa upande wa nje, na plastiki sikuihitaji. Udongo umepanda kwenye ukuta karibu sentimeta thelathini juu ya sakafu ya ndani, kwa miaka ya kufagia uwanja kuelekea nyumba. Bati linaishia karibu sana na ukuta, maji ya mvua yanapiga chini na kurukia bloku. Na mahali pa kuoshea vyombo ni palepale. Ukuta unakunywa kutoka Oktoba hadi Aprili.

Kwa hiyo nilimshauri mwaka huu asinunue tripleksi. Aondoe udongo ule mpaka chini ya sakafu ya ndani, achimbe mfereji mdogo wenye mteremko wa kupeleka maji mbali, aujaze vipande vya matofali yaliyovunjika, ahamishe mahali pa kuoshea vyombo, na pesa aiweke kwenye mfereji wa bati la paa. Ndani, aondoe krepi iliyooza, asugue madoa kwa maji yenye javeli, madirisha yakiwa wazi na watoto wakiwa kwa jirani, bila kuchanganya javeli na dawa nyingine yoyote wala siki. Aache ukuta ukauke kiangazi chote, apake chokaa. Kitanda cha mtoto kihamie ukuta wa ndani leo hii, hiyo haina bei. Mvua ya Oktoba ikipita, na ya Januari, ukuta ukabaki mkavu, hapo tupige lati, na tuache nafasi wazi chini na juu ya tripleksi ili hewa ipande nyuma yake.

Hakufurahi. Alisema wenzake wataona amepokea likelemba na nyumbani hakuna kitu kipya, isipokuwa shimo nje ya ukuta. Namwelewa. Tripleksi iliyopakwa rangi inaonekana na wageni, mfereji wa maji hauonekani na mtu. Mume wake naye alisema kuchimba ni kazi ya siku mbili tu, angoje vijana warudi kutoka shamba. Mimi nasema kikundi chenye wamama ishirini na majembe ishirini hakihitaji kungoja vijana.

Basi, tumekubaliana posho ijayo, saa mbili asubuhi kabla ya jua kali, wenye nguvu waje na jembe na beleshi, na anayepika uji aseme mapema ni kilo ngapi. Fero tatu zilizonolewa na timazi moja ziko kwangu. Anayetaka kuazima aje achukue jioni baada ya masomo, aandike jina kwenye daftari, na azirudishe kabla ya juma kuisha, kwa sababu ya nne ilikwenda kwa mtu tangu Pasaka na bado inatembea.